Gari la Kukunja Paa

Juzi mjini Tarime nilipitwa na gari dogo la kukunja paa, nikamkumbuka marehemu baba. Alipopata dhahabu katika shimo alilochimba miaka mingi, alijaribu magari matatu ya namna hiyo, yaliyotumika, kama alivyozoea kumlimisha maksai kabla ya kumnunua. La tatu lilinuka petroli na ngozi kuukuu.

"Mzee, vumbi ni mingi. Wacha nifunge hii paa," alisema muuzaji, mtu wa Kenya.

"Liache. Paa nimelichoka shimoni."

Baba aliendesha kuelekea Gorong'a, mdomo wazi, akikohoa. Nikiwa mtoto, kwenye kiti cha nyuma, nilidhani anacheka, na kwamba vumbi la barabara ndilo linalomkohoza. Sasa najua lilikuwa la shimoni, limejaa kifuani, na upepo ule ndio uliomsaidia kupumua. Kila mwendo ulipopungua alikanyaga mafuta tena, nami nikampigia makofi.