Pepo Aliyekataa Ngoma Zote

Jambo hili lilitokea nyumbani kwetu Magongo, mchana kweupe, watu wametoka kuswali adhuhuri. Nasema mchana makusudi. Lingekuwa la usiku ungesema nilisinzia nikaota. Na ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani bandarini, na ugonjwa wangu ulikuwa santuri. Si taarabu, si rumba. Hizo kila nyumba ilikuwa nazo. Mimi niliwaandama mabaharia wanitafutie muziki wa mitambo kutoka Ujerumani, ule usio na mpiga ngoma wala mpiga gitaa, kila mdundo umetolewa na mashine. Niliupenda kufa. Nilikuwa pia na santuri chache za metali, ile roki ya kasi ambayo mwimbaji hunguruma badala ya kuimba, na mpiga ngoma hukanyaga kwa miguu yote miwili kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Baharia mmoja wa Uswidi alinipa, nikazipokea kwa adabu tu. Niliwaambia marafiki kwamba huo ni muziki wa watu walioshindwa kuimba. Nilikuwa na maoni mengi siku zile, na hakuna aliyeniomba hata moja.

Mama alikuwa na lake moja tu: zote ni kelele za shetani.

Basi dada yangu Zuhura akanyamaza. Sisemi alinuna. Alikuwa msichana wa maneno, akicheka anasikika kwa jirani, lakini asubuhi moja aliamka hana sauti. Hospitali hawakuona kitu. Ramadhani ikaingia, ikatoka, hajasema neno, na mwili unakwisha. Mama akimlisha uji kwa kijiko huku machozi yakimtoka. Nikirudi kazini nilipita kumsalimu, naye ananitazama tu. Niliogopa, wallahi. Niliona tutamzika.

Mama akamwita Bi Rukia, fundi wa kupunga pepo. Kwetu inajulikana kwamba kila pepo ana ngoma yake. Ukimpigia isiyo yake hashtuki. Ukiipata yake atapanda kichwani kwa mgonjwa, aseme anachotaka, apewe, amwachilie. Kwa hiyo fundi hujaribu moja baada ya nyingine. Bi Rukia na wapigaji wake walijaribu za bara, za Kiarabu, za Kihabeshi, mpaka viganja vikawavimba. Zuhura amekaa mkekani, shuka nyeupe kichwani, ubani unafuka, na hata kope hatikisi.

Bi Rukia akafuta jasho, akaelekeza kidole chumbani kwangu. "Pepo huyu amekuja na yale masahani ya mwanao. Yachomwe leo hii."

Mama hakungoja aambiwe mara ya pili. Kufumba na kufumbua santuri zangu zote zilikuwa uani, naye ana kopo la mafuta ya taa mkononi. Unajua uchungu nilioupata? Lakini mimi nikikasirika ndipo akili hunifunguka.

"Bi Rukia, kwa heshima yako," nikasema. "Wasema ametoka humu?"

"Ndimo alimotoka."

"Basi na ngoma yake si imo humu humu? Mwaichomaje na hamjampigia?"

Akawageukia wapigaji wake. Nadhani vijana wake walikuwa wanaomba Mungu wapumzike. "Haya," akasema, "kilete hicho kinanda chako cha santuri."

Nikaanza na ile ya Kijerumani niliyoipenda kuliko zote. Sikuwa na shaka hata kidogo. Haikuchukua muda Zuhura akageuza kichwa, na kifuani mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume mtu mzima.

"Ni nani alopiga hapa? Siuoni mkono wa mtu."

Kopo likamponyoka Mama. Mimi, niamini, kilichoniuma ni santuri yangu kutiwa ila mbele za watu.

Nikaiweka moja ya zile za metali, alizonipa yule baharia wa Uswidi. Sindano ilipogusa tu, Zuhura akasimama wima, yeye aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msalani. Akatikisa kichwa, akatikisa mabega. Vijana wa Bi Rukia wakajaribu kuifuata ngoma ile, ikawaacha mbali. Mwimbaji akinguruma, Zuhura naye ananguruma, neno kwa neno, kwa lugha ambayo hakuna mtu Magongo aliyepata kuisoma. Niambie wewe, aliisomea wapi?

Upande ulipokwisha, pepo akasema, "Siku zote mwanipigia ngoma za watu. Hii ndiyo yangu."

"Wataka nini, bwana, umwachilie mwana huyu?" Bi Rukia akamuuliza.

"Marashi. Na nipigiwe hii kila mwaka. Wala isichomwe hata moja."

Sikuweza kujizuia. "Hata ile isiyo na mkono?"

Akanigeukia taratibu. "Hiyo nayo ina mwenyewe. Hajafika."

Zuhura akaketi, kichwa kikalala kifuani. Mimi kwa furaha nikaigeuza santuri upande wa pili, sauti juu kabisa. Ndipo nikasikia, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba na ya kukwaruza:

"Kaka, hebu zima hiyo kelele. Kichwa chaniuma."

Nilicheka huku nalia. Mama alimkumbatia akakataa kumwachia, na mafuta ya taa yameenea ua mzima.

Zuhura sasa ana mume na watoto huko Mikindani, na muziki ule hauwezi kabisa. Lakini kila mwaka huja, akaketi, tukampigia yule pepo ngoma yake. Anayeifuta vumbi santuri ile ni Mama, kwa leso yake mpya, na nikipunguza sauti hunigombeza.

Kwa hiyo wewe mwenye kijana anayekuletea makelele nyumbani, usikimbilie kiberiti. Yapige kwanza, uone nani atainuka. Mimi ile ya Kijerumani siiuzi, hata waje wanunuzi wa Nairobi na mifuko yao. Naipiga kila Ijumaa, mlango wazi. Mwenyewe akifika, inshallah, patakuwa hatimaye na mtu nyumbani humu anayekubaliana nami.