Msingi wa Mashine Iliyokuwa Njiani

Nakumbuka asubuhi moja hapa Mwamapalala, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye ng'ombe akajiona tajiri mtarajiwa: mke wangu alipita mbele ya nyumba yangu ya mashine ya kusaga, debe la mahindi kichwani, akaenda kusaga kwa Nkwabi. Hakunisalimia. Nilistahili.

Mwanangu unayesomewa haya, mimi sikusoma. Anayeandika ni mjukuu wangu Kwandu, naye anaandika kwa kalamu, kwa sababu kompyuta yake bado inangojewa. Usikunje uso, Kwandu. Andika na hilo.

Kwandu amepanga chumba Bariadi, karibu na ofisi ya elimu, achape barua na mitihani ya walimu. Walimu wamekwisha kufika mara mbili, wakakuta meza tupu. Wakikosa mara ya tatu watazoea mlango mwingine, na chumba kitarudi kwa mwenye nyumba. Nilipomwuliza kisa, alinieleza kwamba mwakani inatoka prosesa mpya, yaani ule ubongo wa kompyuta, nayo haitakaa kwenye madabodi za sasa, vile vibao vinavyoubeba ubongo huo. Hata memori itabadilika.

"Hii ya sasa haichapi?"

"Inachapa, babu. Lakini nikiinunua, ile mpya ikija haitaingia."

"Na walimu wanaitaka ipi?"

"Walimu wanataka mitihani, babu."

Ujinga ule niliufahamu. Niliwahi kuishi nao.

Nilikuwa na madume manne ya kupeleka mnadani, na mashine ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli ilikuwepo dukani mjini. Mwenye duka akanionyesha picha. "Subiri, kijana. Inakuja ya kisasa, inawaka kwa kubonyeza. Ila miguu yake ni tofauti." Nikasubiri, na ili nisionekane mvivu, nikajenga. Nikasimamisha nyumba, nikaezeka bati, nikamwaga msingi wa saruji nje, mbele ya mlango, na kuchomeka boliti nne nilizozipima kwa vidole katika ile picha. Fundi aliuliza mashine iko wapi. Nikamjibu kwa ukali kwamba iko njiani.

Ilikaa njiani misimu miwili. Kila nilipokwenda mjini, mwenye duka alikuwa na picha nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Nkwabi, rika langu, akanunua ile ya hendeli, akaifunga juu ya magogo, ikawa inanipigia kelele hadi kwangu: tuku, tuku, tuku. Wanawake wakaanza kuanika michembe juu ya msingi wangu, wakisifu kwamba viazi hukauka vizuri pale na havipati mchanga.

Asubuhi ile nilitoka nikifoka, nikauvuka msingi nimkabili mke wangu.

"Minza! Unanipitia mbele ya watu na debe?"

"Nipite wapi, baba Luhende? Watoto wale picha?"

Mama yangu alikuwa hapo hapo, akigeuza michembe yake. Hakuinua kichwa.

"Mwache aende, ng'wana wane, mwanangu. Wewe una nyumba ya mashine. Nkwabi ana mashine. Na shuka lako limenasa kwenye boliti."

Kweli lilikuwa limenasa. Nilivuta kwa hasira, likachanika mpaka kiunoni, na wanawake wakaacha michembe wakanitazama mimi.

Juma lile lile nilinunua ya hendeli, lakini wateja walikuwa wamekwisha kumzoea Nkwabi. Nilisaga mabaki yake. Miaka mitatu baadaye ile ya kubonyeza ilifika kweli. Niliipima: miguu yake haikulingana na hata boliti moja. Msingi ule upo hadi leo, na michembe unayotafuna ukiandika, Kwandu, imetoka pale.

Basi nasema wazi. Ikiwa hakuna anayekungoja, ngojea kifaa kipya upendavyo, si dhambi. Lakini mtu akishasimama mlangoni na kazi yake mkononi, nunua kinachoweza kuifanya kazi hiyo leo. Kipya kikija, kikukute ukifanya kazi. Wala usimwage saruji kwa ajili ya picha.

Mungu akupe mlango usiokaukiwa watu, akupe macho ya kuwaona wangali wamesimama, na akuepushe na boliti kama zangu. Kwandu, funga daftari, uwahi basi la Bariadi. Jumamosi uniletee maneno haya yakiwa yamechapwa, kwa mashine yako mwenyewe.