Pumzi ya Ami Sufyan

Hapa Kibokoni wako wanaosifiwa kwa majumba na wako wanaosifiwa kwa watoto waliosoma. Ami Sufyan husifiwa kwa pumzi. Yeye ndiye muadhini wa msikiti mdogo ulio nyuma ya nyumba yetu, na adhana yake huvuta mpaka mwenye duka mtaa wa pili apate nafasi ya kufunga, kutia udhu na bado awahi swala ya jamaa. Asiyemjua akiisikia hudhani ni kijana mrefu mwenye kifua cha baharia. Kumbe ni mtu mzima, mfupi, tumbo mbele, na ndevu zilizoshuka mpaka kifungo cha pili cha kanzu. Alianza kuzifuga kabla hajaoa. Wenye wivu walisema huzipaka mafuta ya nazi. Ni uongo. Ni ya zeituni, mkewe Bi Yumna kanambia mwenyewe.

Kinachomlisha ni kazi nyingine. Chumba cha chini cha nyumba yake, ambamo babu yake alikuwa akiweka magunia ya pilipili na karafuu, amekigeuza karakana ya kupulizia samani rangi: makabati, milango, vitanda vya maharusi na, maharusi wakishatulia, vitanda vya watoto wao. Ana kompresa inayonguruma kama jirani mwenye deni na bunduki ya rangi anayoishika kwa upole, kama kikombe cha kahawa ya moto. Kitanda kikitoka mikononi mwake waweza kujinyoa kwa kujitazama kwenye ubao.

Na kujikinga? Alijifunga kashida yake ya mabegani puani, basi. Akimaliza kazi hunywa bilauri ya maziwa, kwa sababu mafundi wa mji huu wameshakubaliana kwamba maziwa huosha kifua. Siku moja nilimuuliza maziwa hayo hupitia wapi kufika mapafuni.

"We mtoto, maziwa yakifika mapafuni hiyo ni maiti," akanijibu. Kisha akaitazama bilauri, akafikiri kidogo, akamaliza iliyobaki.

Ilipofika Ramadhani ndipo mtaa mzima ukajua. Ilikuwa Magharibi, sambusa ziko sahanini, kila mtu na tende yake karibu na mdomo. Ami Sufyan akaanza vizuri. Alipofika katikati, pumzi ikakatika. Kilichofuata kwenye kipaza sauti kilikuwa kikohozi, kikavu, kirefu, halafu mtu anayetafuta hewa asiipate. Tende zikabaki hewani. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka matangani. Zein, muuza kahawa wa baraza yetu, ndiye aliyenyakua kipaza sauti akamalizia. Zein ni mtu mwema, lakini sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Kesho yake Bi Yumna alimpeleka mumewe mtaa wa Tudor kwa Daktari Mapenzi, mwanamke mkimya wa Kigiriama asiyepoteza maneno. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma.

"Mzee, kazi yako?"

"Rangi, binti yangu."

"Ya brashi au ya kupulizia?"

"Ya kupulizia."

"Na puani unafunga nini?"

"Kashida."

"Hiyo inazuia nzi."

Akamweleza taratibu. Mvuke wa thina ya kuyeyushia rangi hupita kwenye kitambaa kama maji kwenye chujio. Mbaya zaidi ni ile rangi ya kung'aa inayochanganywa na hadena ya kuigandisha: ndiyo iliyovimbisha njia zake za hewa, na kifua kikishaichukia, hata kidogo tu hukirudisha palepale. Hiyo aiage kabisa, avae asivae maski. Hizo nyingine asizipulizie mpaka kifua kitulie, na akirudi arudi na maski ya makopo ya mkaa inayokamata uso, madirisha wazi.

"Ukirudi kama zamani," akamwambia, "usiniulize adhana. Hata ngazi za nyumba yako zitakushinda."

Ami Sufyan alitii, jambo ambalo wanaume wa baraza yetu hawana mazoea nalo. Kazi za hadena alizirudisha kwa wenyewe, na mteja mmoja akamtukana. Akashika brashi. Wiki zikapita, kikohozi kikapungua, sisi tukaendelea kuswali kwa bawaba ya Zein. Hatimaye maski ikanunuliwa, ya mpira, ina makopo mawili mashavuni. Alipoivaa sebuleni juu alifanana na nzi mkubwa mcha Mungu. Madirisha yetu yanatazamana, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia bila kujitaabisha.

"Haya, nateremka kazini," alisema Ami Sufyan.

"Ngoja kwanza. Kaa." Bi Yumna alikuwa amewasha chetezo.

"Yumna, usikipeleke chini hicho! Moto na thina? Utairusha Kibokoni yote ikatue Likoni."

"Ndiyo maana nimekwambia ukae huku juu. Vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Wasikia harufu gani?"

Akageuza uso dirishani.

"Sufyan."

"Ya udi."

"Udi gani?"

"Ule tuliofukiza harusi ya mwanetu Faiz," sauti ikatoka ndogo chini ya mpira. "Wenye miski."

"Basi kama miski yaingia, thina itabisha hodi?"

Bi Yumna akapitisha kidole ukingoni mwa maski. "Tazama. Hapa ndevu, na hapa ndevu. Mpira haugusi ngozi popote. Hii si maski, babu, ni chandarua."

Ami alikaza kamba mpaka macho yakamtoka. Akazifunga ndevu kwa mpira wa nywele wa bintiye. Akazipaka vaselini zikalala kama paka aliyenyeshewa. Kila mara mke alileta chetezo, na kila mara mume, kwa kuwa hajui kusema uongo, alijibu, "Udi."

Mwishowe akaivua. "Ndevu zangu ni sunna, Yumna."

"Najua."

"Tangu ujana wangu."

"Najua. Mimi sisemi kitu."

Na kweli hakusema. Mumewe alikwenda kwa imamu peke yake, wakakaa muda mrefu. Walichozungumza ni chao. Alipotoka hakurudi nyumbani. Alikwenda Bondeni, kwa kinyozi asiyemjua, nadhani kwa sababu wa kwetu angelia.

Alirudi amejitanda kashida mpaka machoni, akapanda juu moja kwa moja. Chetezo kikaletwa.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Mrongo."

"Wallahi, Yumna. Hewa tu."

Bi Yumna alisema anakirudisha chetezo jikoni, akakawia huko kuliko chetezo kinavyohitaji. Kidevu kile, hata yeye alikuwa hajapata kukiona.

Kesho yake baada ya Adhuhuri Ami Sufyan alinituma nyumba za jirani kuwaambia waanue nguo. Akafungua madirisha yote mawili, akaelekeza feni isukume hewa nje, akakipulizia rangi kitanda cha mtoto tabaka baada ya tabaka. Alipomaliza alitoka nje kabisa ndipo akavua maski, akafungua yale makopo na kuyafungia kwenye bakuli la halua lenye mfuniko, mkaa usiendelee kunywa hewa bure. Hakukohoa. Akaoga, akavaa kanzu, akashika njia ya msikitini kabla ya Magharibi, nami nyuma yake.

Pale barazani Zein alikuwa akimimina kahawa. Alimtazama mtu mfupi mwenye kidevu cheupe kama yai lililomenywa.

"Karibu, mgeni," akamwambia. "Msikiti uko hapo mkono wa kushoto. Nakuja kuadhini sasa hivi."

"Ahsante, mwanangu," akajibu Ami Sufyan kwa sauti ya chini, akapita, mimi nikabaki barazani.

Zein alikuwa bado anasuuza vikombe adhana ilipoanza. Ilipanda, ikafika pale ilipokatikia Ramadhani, barazani watu wote wakaacha kupumua kwa niaba yake, nayo ikapita, ikavuta, ikazidi kuvuta mpaka mwenye duka mtaa wa pili akapata nafasi yake ya kufunga.

Zein akaweka vikombe chini.

"Lo," akasema. "Nimemwelekeza Sufyan msikitini."