Maji ya Mtu wa Jicho

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani baba yangu alipojitolea kuwa mhudumu wa afya wa jamii, akaanza kuingia nyumba za watu kuangalia watoto wachanga. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Malava, hiyo haikuwa kazi ya mwanaume. Nyanya alimwonya.

"Unachungulianga watoto ya wenyewe. Siku moja watasema wewe ni mtu wa jicho."

Mtu wa jicho akimtazama mtoto, mtoto huharisha hadi afe. Ndivyo tulivyoamini. Dawa ilikuwa moja: mwenye jicho ateme mate kwenye maji, mtoto anywe. Baba alicheka.

Asubuhi moja Makokha, mkata miwa, aliingia uani kwetu na ndugu zake, panga mkononi. Mkewe alikuwa amembeba mtoto wao, ambaye juzi yake baba alikuwa amempima mkono kwa utepe wa kuangalia utapiamlo. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti hafifu, shingo imelegea.

"Tema!"

"Makokha, ndugu yangu, huyu ameishiwa maji. Nina dawa ndani."

"Ulimpima mkono ya nini? Ulikuwa unamshonea shati? Tema!"

Kutema kulikuwa kukiri. Baba alikataa. Wakampiga kwa bapa la panga, kisha kwa mateke. Nilisikia jino likivunjika. Mmoja wao alikuwa tayari anauliza kiberiti kiko wapi.

Kisha mtoto akaacha kulia. Baba aliinua kichwa kutoka chini, akamtazama.

"Sawa," alisema. "Ni mimi. Niacheni nichukue maji."

Nilimfuata jikoni.

"Msichana wangu, shika jagi."

Alipasua pakiti ya chumvi na sukari ya kutibu kuharisha, akaikoroga kwenye maji yaliyochemshwa. Alijifunga kitambaa mdomoni damu isidondokee humo. Hakutema. Nje aliwaambia ametema, akaketi, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko hadi jua likapungua. Mtoto akakojoa. Mama yake akalia.

"Mmeona?" Makokha aliwaambia ndugu zake. "Nilisema ni yeye."

Hakuna mwenye mtoto mchanga aliyemfungulia baba mlango tena.

Angesema ukweli, mtoto asingekunywa. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na sijampatia baba njia nyingine.

Mtoto yule sasa ni mwendesha bodaboda. Majuzi sokoni alimwona baba akija, akavuta leso haraka kumfunika binti yake mchanga. Baba aligeuza uso, akapita. Tulipofika mbali, aliniambia kupitia pengo lake:

"Ana mashavu. Ananyonya vizuri."