Moeketsi na Mipichi ya Malineo

Miaka ishirini na tisa Moeketsi alichimba dhahabu Welkom, Afrika Kusini, na kila mwaka alirudi kwake Mafeteng, Lesotho, mara moja tu, Krismasi. Ndiyo maana mipichi ya nyuma ya nyumba aliijua kwa sura moja: majani tele, mapichi yameiva hadi yanapasuka, nyigu wakigombania yaliyoanguka. Mambo mengine yote ya ile miti alimwachia mkewe, Malineo.

Mwaka aliostaafu alirudi katikati ya Julai, baridi ya kukata masikio. Wiki ile ile Malineo akaenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, siku tatu, akamwachia mzee wake unga, kuni na jiko la chuma. Moeketsi hakuzoea kukaa bure. Akazunguka uani, akaitazama mipichi mitano, mitupu, myeusi, imekauka kama mifupa. Akatikisa kichwa. Maskini Malineo, miti imemfia yote na hakusema neno! Akachukua msumeno.

Alianza na ule mkubwa wa karibu na dirisha la jikoni. Tawi nene lilikuwa limeshaanguka, naye amesimama akitafuta pumzi, maana vumbi la machimbo halikumwacha na mapafu mazima, aliposikia lango likifunguliwa na sauti ya Malineo aliyerudi mkutanoni.

"Ntate, mzee wangu! Unafanya nini?"

"Nakupasulia kuni, mama. Pole kwa msiba wa miti."

Malineo akaangusha mfuko wake. Akaliokota tawi, akakwangua gome kwa ukucha. "Hapa ndani unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Maiti wa kijani umemwona wapi? Miti imelala! Inalala kila mwaka!"

"Mimi kila nikija naikuta macho," Moeketsi akasema kwa sauti ndogo.

Malineo alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamwona kupitia dirisha la jikoni: mzee amepiga magoti, anaupaka mpichi udongo kwenye kidonda, anaufunga kwa kipande cha shati lake la kazi, huku anaubembeleza, "Nisamehe, sikujua." Malineo alicheka hadi akakaa sakafuni, na hasira ikaishia hapo.

Vitawi vya lile tawi lililokatwa akavitia kwenye ndoo ya maji kando ya jiko. Siku ya kumi na moja matumba yakafunguka humo humo ndani, yakawa maua ya rangi ya waridi, membamba kama karatasi ya sigara. Moeketsi akayagusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe yana rangi hii? Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Simu ya dakika tatu, ng'ombe anaumwa, mwanetu Lineo ana surua."

Tangu hapo kila asubuhi alijifunga blanketi, akashika kikombe cha chai, akaenda kukagua. "Malineo! Ule wa pili umevimba matumba!" Siku nyingine akaja mbio: "Njoo uone, mzabibu unalia! Kila nilipogusa machozi matupu!"

"Nimeupogoa, Ntate. Maji yamepanda kutoka mizizini, yanatokea penye mkato. Unaamka."

Nyuki wa kwanza alipokuja, alimwita mkewe kutoka kwenye beseni la nguo, mikono imejaa povu. "Ukimwona wa pili," Malineo akamwambia, "msalimie tu, usiniite."

Jirani yao Puseletso akachungulia juu ya ua. "Dada, mumeo amepata kazi mpya?"

"Ni mkaguzi. Hata mimi nakaguliwa."

Katikati ya Agosti mipichi yote ikachanua kwa pamoja, na uani pakawa kama wingu limetua. Moeketsi akakaa juu ya kreti asubuhi nzima. Malineo alipomletea uji, hakuupokea.

"Kila mwaka yalikuwa hivi, na mimi niko chini ya ardhi?"

"Karibu kila mwaka." Malineo akaweka uji chini. "Mwaka ule Lineo anaanza shule, theluji ya Septemba iliua yote. Nililia peke yangu. Krismasi ulipokuja, ulikula mapichi ya sokoni bila kujua."

"Si nilikuambia mwaka ule matamu kuliko yote?"

"Ulisema. Nikakosa usingizi."

Moeketsi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Malineo akampigapiga mgongoni, akicheka naye. Kisha akasogeza kreti ya pili, akaketi kando yake.

Mwaka huu theluji haikufika. Petali zikapukutika, na kwenye kila tawi kukabaki vitunda vya kijani vyenye manyoya, vimebanana. Malineo akamweleza kwamba inabidi kuviondoa vingi, ili vitakavyobaki vinenepe. Moeketsi akakataa katakata; baada ya kungoja miaka yote hiyo, hangeng'oa hata kimoja. Malineo hakubishana naye. Alimtuma dukani kununua chumvi, akapanda ngazi, akavipunguza mwenyewe.