Baba aliambiwa aende kwa mtu wa "speech", akaandaa hotuba

Wakuu, habari za huku. Hii ninayoleta si ya kutunga. Mama yangu yuko hai, na anayebisha nitampa Mama kwa simu, atajuta.

Iko hivi. Miaka ya tisini mwanzoni, kwetu upande wa Seme, kando ya ziwa kule Kisumu, si mbali na Kombewa. Baba alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Mtu wa kuongea huyo! Harusi, matanga, harambee, mradi watu wamekaa, Baba amesimama.

Na kula alijua. Samaki ngege wa mchuzi alimla mpaka kichwa, paka anaangalia sahani na kujiendea zake.

Sasa asubuhi moja akaamka mdomo umepinda upande, mkono hauna nguvu. Baada ya siku chache akawa sawa, tukasema ni malaria tu. Lakini kuanzia hapo, akinywa chai anakohoa. Mchuzi, anakohoa. Machozi yanamtoka.

Nyumbani jibu lilikuwa moja: mfupa.

(Msicheke. Kwetu ziwani shida yoyote ya koo ni mfupa wa samaki mpaka ithibitishwe vinginevyo.)

Na dawa ya mfupa kila mtu anaijua. Tonge kubwa la ugali, umeze bila kutafuna, lisukume mfupa uende. Jirani yetu Mama Akinyi alikuwa anakuja na tonge kutoka jikoni kwake, eti ugali wetu ni laini mno kwa kazi hiyo.

Baba akaacha kula na watu. Anasema ameshiba, halafu anachukua sahani anaenda kukaa nyuma ya nyumba tusimsikie akikohoa. Harusi akaacha kwenda, kwa sababu huko atakaribishwa soda. Shati likaanza kumning'inia.

Hiyo ndiyo iliniuma, wakuu. Nimezaliwa nikakuta kelele za huyo mzee mezani, sasa unasikia vijiko tu. Mama aliniambia jikoni kwamba mtu akianza kula peke yake, ameanza kuaga. Niliogopa sana.

Nikampeleka hospitali. Daktari akamulika koo, mfupa hakuna. Akasema kuna mtaalamu huja Kisumu kutoka Nairobi, anaitwa speech therapist, tumwone huyo.

Baba alikasirika. Yeye, na speech? Nani amewahi kulala kwenye speech yake? Halafu akafikiri. Jioni tukamsikia nyuma ya nyumba, anapandisha sauti, anashusha, anakohoa, anarudia.

Jamani, Baba alikuwa anatunga hotuba. Alidhani anaenda kufanyiwa mtihani wa kutoa speech, na hakuwa tayari kufelishwa na mtu wa Nairobi.

Siku ikafika. Suti, tai, viatu vinang'aa. Tunaingia kwa chumba, mtaalamu mwenyewe ni dada wa rika langu. Mezani ameweka glasi ya maji, kijiko, uji mzito na ndizi iliyopondwa. Baba kuona maji, akatikisa kichwa ameridhika. Mzungumzaji yeyote wa maana huwekewa maji.

Kabla dada hajamaliza kujitambulisha, Baba akasimama.

"Daktari mheshimiwa, wageni waalikwa, mabibi na mabwana."

Wageni waalikwa ni mimi. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Lakini yule dada hakucheka. Alimwacha aendelee, anamwangalia midomo na ulimi. Kisha akamwomba akae, ameze kijiko cha maji, aendelee pale alipoachia. Baba akameza, akasema, "Elimu katika wilaya yetu," na sauti ikatoka na maji ndani yake, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Akakohoa.

Dada akampa uji mzito, huku ameweka vidole kwenye koo la Baba anasikilizia. "Elimu katika wilaya yetu" ikatoka safi. Ndizi, safi. Maji tena, kikohozi tena. Kumbe hiyo hotuba ndiyo ilikuwa kipimo!

Akatueleza kwamba watu wa speech hutibu na kumeza pia. Ule mdomo kupinda ilikuwa stroke ndogo, kiharusi. Koo sasa linachelewa kufunga njia ya hewa, na vitu vyepesi vinakimbia, vinawahi kuingia huko. Vizito vinaenda polepole. Kwa hivyo chai na mchuzi viwe vizito kama uji, mafunda madogo, na akimeza ainamishe kidevu kifuani. Matonge ya Mama Akinyi yakome leo, yatamkaba.

"Na nitakula na watu?" Baba aliuliza. Sijawahi kumsikia na sauti ndogo hivyo.

"Utakula na watu, Mzee. Ila usiongee ukiwa na chakula mdomoni."

Nilicheka mpaka nikalia. Hiyo kwa Baba ni adhabu kuliko dawa!

Sasa sikilizeni. Jumapili wageni wa kanisa wakaja chakula cha mchana, na Mama Akinyi akiwemo. Baba akakaa mezani, katikati yao. Akatia mchuzi mdomoni, akainamisha kidevu.

Wageni kuona mzee wa kanisa ameinama, wakaweka vijiko chini, wakafumba macho.

Baba akainua kichwa, wakainua. Akachukua kijiko kingine, akainama. Wakainama. Mama Akinyi akasema, "Amina." Samaki anapoa, watu wanaomba tu. Na Baba hawezi kueleza, kwa sababu amekatazwa kuongea na chakula mdomoni! Mama alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatetemeka. Mimi nilitoka nje, nilishindwa kabisa.

Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Hakukohoa hata mara moja.

Akapangusa mdomo, akasimama. "Wageni waalikwa, mabibi na mabwana." Akaitoa yote, kuanzia elimu katika wilaya yetu, na ni ndefu, wakuu. Mama, ambaye hotuba za Baba kawaida humkuta ana kazi jikoni, alivuta kiti akakaa mpaka mwisho.

Nilichojifunza: si kila koo lina mfupa. Mzee wako akikohoa kila akinywa, apelekwe kupimwa, na tonge libaki kwa sahani.

Haya, nani mwingine hapa aliwahi kumezeshwa ugali mzima mzima? Semeni, lakini mmeze kwanza.