Mgeni Ambaye Shati Lake Limepotea

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Povu alifua mashuka ya hoteli, na mwaka wa kumi na mbili kifua kikaanza kumkataa. Mvuke wa mashine ulimbana. Akipanda ngazi alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Dawa aliijua: nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, kazi ya kukaa na kuandika. Ilikuwa wazi. Lakini msimamizi huandika ripoti kwa meneja kila jioni, kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mama Povu kiliishia darasa la saba.

"Mtihani ni Ijumaa," alimwambia kitinda mimba wake, binti wa kidato cha pili. "Tunapewa sentensi mbili, tunaziunga ziwe moja. Nifundishe, mwanangu, kabla sijafa kwa hofu."

"Rahisi. Mtu ni who. Kitu ni which."

"Na mbwa?"

"Which."

"Mbwa anabweka, hakibweki! Tangu lini akawa kiti?"

"Mama, lugha ni yao, si yangu."

Mama Povu akainama juu ya daftari, akaandika: The guest who his shirt is lost he is angry. Akaisoma kwa sauti, ikamkaa vizuri mdomoni. Si ndivyo asemavyo siku zote? Mgeni ambaye shati lake limepotea amekasirika.

Binti akaifuta he. "Who tayari ni yeye. Ukiongeza he, umelaza wageni wawili kitanda kimoja."

"Toba!"

Kisha akakata who his, akaandika whose juu yake.

"Hapo kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo tu, Mama."

Jibu hilo halikumwingia. Mama Povu si mtu wa kubeba asichokijua. Hata mfuko wa sokoni huufungua mara tatu njiani, ahakikishe mayai hayajavunjika. Usiku ule alijigeuza kitandani kama chapati.

Kesho yake, kazini, akachomoa shati jeupe kwenye mashine. Halikuwa na lebo. Akalinyanyua juu, akapaza sauti kama kawaida yake:

"La nani hili?"

Akaganda na shati mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. La nani! Kumbe ile whose alikuwa anaipigia kelele kwa Kiswahili kutwa nzima. Akajaribu polepole: mgeni ambaye soksi zake, mgeni ambaye gauni lake. Palipo na mwenye mali na mali yake, whose inaingia, na lile "yake" linaenda zake.

Mpiga pasi, aliyeitaka nafasi hiyohiyo, akapasuka kwa kicheko. "Mama Povu, siku hizi unaongea na soksi?"

"Naongea nazo Kiingereza, mwenzangu."

Ijumaa wakaketi wanne mbele ya meneja. Sentensi ya mwisho ilihusu mwanamke aliyekuwa anasubiri chini, gauni lake limechanika. Mama Povu akaandika: The woman whose dress is torn is waiting downstairs. Akaikagua mara nne. Hakubadilisha hata herufi.

Meneja alisahihisha palepale. Akainua karatasi moja. "Watatu mmeandika who her dress. Mmoja tu ndiye amepata." Akamtazama Mama Povu. "Nani alikufundisha?"

"Binti yangu, bosi. Na mashati yenu."

"Basi ripoti ya Jumatatu utaandika wewe."

Miguu ilitaka kuruka yenyewe. Alitembea taratibu mpaka nje ya mlango, kwa heshima zote, na huko akapiga kigelegele kilichowatoa wageni vyumbani. Mpiga pasi akamfuata, uso chini.

"Hebu nielekeze basi hiyo whose."

"Jumatatu, saa ya chai," alisema msimamizi. "Usichelewe."